Chakula Hakiliki, Mwili Unalika

Chokocho ni kijiji cha pwani kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani. Anayetaka kuvuka kwenda Kisiwa Panza hapa ndipo anaposubiri chombo. Watu wake wanaishi kwa bahari na shamba, na hawana haraka ya kutaja jina la ugonjwa mkubwa. Mtu akishikwa na saratani, jirani hatasema saratani. Atasema mwili ulivyo: "Bi mkubwa kapungua." "Nguo zinampwaya." "Jana kala vijiko viwili tu." "Mwili unamwisha." Kabla ya mizani na vipimo vya damu, kabla hata ya safari ya Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani mjini, tathmini imeshafanywa na watu wa nyumbani kwa maneno yao, na mara nyingi wamepatia.

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kuyatazama, pamoja na yale yaliyotoka vitabuni na fomu za hospitali yakaja kukaa juu yake. Neno letu la kitaalamu, utapiamlo, linasema nusu tu ya yanayompata mgonjwa wa saratani. Nusu linayoiacha ndiyo inayowaumiza zaidi wanaomuuguza.

Utapiamlo lina mlo ndani yake, wala halifichi. Sehemu ya mbele, tapia, sikio langu linaisikia karibu na kutapa na kutapatapa, kuhangaika kama mtu anayetafuta pa kushika. Neno zima lamchora mtu na sahani yake: mlo haupo, au haukutosha, au umetosha tumbo bila kuutosha mwili. Kwa watoto neno hili limefanya kazi kubwa. Tangu Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iundwe mwaka 1973, limezoeleka kwenye mabango ya kliniki na katika vitabu vya sayansi vya shule, likiwa na jamaa zake: udumavu, ukondefu, uzito pungufu, unyafuzi. Kwashakoo nalo limo, lililosafiri kutoka kwa Waga wa Ghana ya leo baada ya daktari Cicely Williams kuliandika katika jarida la Lancet mwaka 1935.

Lakini tazama: katika maneno hayo yote yumo mlishaji. Mtoto mchanga hajilishi. Ukisema mtoto ana utapiamlo, mtu wa pili ameingia katika sentensi bila kutajwa, naye ni mama. Neno lina kidole ndani yake. Sasa lichukue neno hilohilo, liandike kwenye cheti cha mwanamke wa miaka 60 mwenye saratani ya tumbo, kisha msomee binti yake aliyemleta. Binti hataulizia maana. Atajitetea: "Dada, mimi nampikia. Samaki sikosi, uji sikosi, mayai namtafutia." Anasema kweli tupu. Chakula kipo ndani ya kawa, kimefunikwa, kimepoa. Aliyetuhumiwa na neno hana kosa.

Kinachotokea ndani ya mwili wa mgonjwa huyo si njaa ya kawaida. Mtu mzima mwenye afya akikosa chakula kwa siku kadhaa, mwili hujibana: hupunguza matumizi, huanza kula akiba ya mafuta, na misuli huichunga kadiri unavyoweza. Kwenye saratani hesabu hiyo huvurugika. Uvimbe na kinga ya mwili inayopigana nao huwasha kile wataalamu wanachokiita mchochota, joto la ndani lisilozimika. Kemikali zake hufika kwenye ubongo zikazima hamu ya kula, hufika kwenye misuli zikaivunja, hufika kwenye ini zikaigeuza kazi yake. Mwili huwa unatumia hata pale ambapo ungepaswa kuweka. Ndiyo maana unaweza kumlisha mgonjwa, akala, na bado akapungua.

Tuna kitenzi cha jambo hili, na kimekuwapo muda wote. Ni kulika. Kisigino cha kiatu kinalika. Ncha ya kisu inalika. Mti wa chombo uliokaa majini unalika. Kitu kikilika hakikunyimwa kitu. Kinapungua kwa kuliwa kidogo kidogo na kitu ambacho pengine hukioni. Kitenzi hikihiki, kikielekezwa kwenye sahani, chatoa maana ya pili: chakula hakiliki, yaani hakiingii, hakipiti, kinakataa kuliwa. Chakula hakiliki, mwili unalika. Sentensi hiyo ya maneno manne ni tafsiri kamili kuliko aya nzima nilizowahi kusoma juu ya ugonjwa huu, na mlishaji hayumo ndani yake.

Mzizi -la ni mfupi, herufi mbili tu, nao umezaa ukoo mzima: mlo, mlaji, chakula chenyewe, lisha, lishe, mlishaji, liwa, lika. Ukiukanusha katika nafsi ya tatu unapata hali: mama hali. Hapo unakutana na neno jingine kabisa, hali la Kiarabu, tunalolitumia kuulizia mtu yu vipi. Yanaandikwa sawa na kutamkwa sawa. Ukiuliza "Vipi hali yake?" na ukajibiwa "Hali", umeshajibiwa yote mawili. Wagiriki wa kale, katika maandishi yao ya utabibu, kudhoofika huku walikuita kakheksia: kakos ni mbaya, heksis ni hali. Hali mbaya, basi. Karne zote hizo za tiba ya Ulaya na Marekani zimelitumia neno la mafumbo ambalo mwenyeji wa Chokocho hulisema barazani bila kujua kwamba anasema Kigiriki: "Hali yake si nzuri."

Kuna wanaotaka tuandike kakeksia, kwa kulitia irabu na kulikaribisha. Sina ugomvi na maneno ya kukaribishwa. Saratani lenyewe ni mgeni, kaa wa Kiarabu aliyefuata kaa wa Kigiriki, na kansa ni mgeni wa juzi. Ila neno la kukaribishwa linafaa pale ambapo nyumba haina lake. Kutokana na kunyauka tumepata mnyauko, kutokana na kupasuka mpasuko, kutokana na kuteguka mteguko. Kutokana na kulika tungepata mliko. Mliko wa mwili. Najua linakaribiana kwa sauti na mwaliko, na mtu akilisikia kwa mara ya kwanza atasita. Atasita mara moja tu, kwa sababu mzizi anaujua tangu utotoni. Nalipeleka mbele ya Baraza la Kiswahili la Zanzibar na la Tanzania kwa moyo mweupe. Likikataliwa, kitenzi chenyewe kitabaki kufanya kazi, na muuguzi anaweza kukitumia kesho asubuhi.

Wataalamu wenyewe wamechelewa kutenganisha kukosa mlo na kulika. Mwaka 1932 Shields Warren, mchunguzi wa maiti wa Marekani, aliripoti kwamba kati ya watu 500 waliokufa kwa saratani aliowapasua, asilimia 22 hakuona kilichowaua isipokuwa kudhoofika huku. Mwaka 1980 William Dewys na wenzake walikusanya habari za wagonjwa 3,047 waliokuwa katika majaribio ya tibakemikali, wakakuta kwamba waliopungua uzito kabla ya dawa waliishi muda mfupi kuliko wasiopungua. Bado ilichukua hadi mwaka 2011 kwa kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali kukubaliana juu ya mpaka: kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia, au zaidi ya asilimia 2 kwa mtu ambaye tayari ni mwembamba au misuli yake imepungua. Mwaka 2019 vikatoka vigezo vya kutambua utapiamlo viitwavyo GLIM, vilivyokubaliwa na jumuiya za lishe ya tiba za mabara kadhaa. Hivyo vinadai uweke alama sehemu mbili: dalili moja ya mwili, na sababu moja. Kwenye sababu kuna kula kidogo, na kuna ugonjwa wenye mchochota. Yaani hata wao wamekiri kwamba kuna anayepungua kwa sababu mlo haukufika, na kuna anayepungua kwa sababu analika, na wengi wana yote mawili.

Asilimia 5 ni ngapi? Kwa mvuvi wa kilo 60 ni kilo 3. Kilo 3 hazionekani kwa macho ya mpita njia. Zinaonekana kwenye mkanda wa suruali.

Hapa mizani ya kawaida ina udhaifu wake. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kilitungwa na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa hesabu za jamii, na kipimo chake hakikuwa cha kitanda cha mgonjwa. Mchukue mwanamke wa mita 1.60 aliyekuwa na kilo 80. Ameshuka hadi kilo 70. Uwiano wake bado uko juu ya 27, na kwenye chati anahesabiwa mnene. Amepoteza asilimia 12.5 ya mwili wake. Barazani ataambiwa amependeza. Kiswahili chetu kinausifu mwili uliojaa, amenawiri, amenenepa, ana siha, na sifa hizo zinaweza kumfunika mgonjwa kwa miezi. Au kinyume chake: mtu mwenye maji tumboni na miguu iliyovimba, mizani inasoma kilo zilezile, huku mnofu wa mabega na wa mapaja umekwisha na mfupa wa kidari umechomoza. Maji yamekaa mahali pa nyama, na mizani haijui tofauti. Mkono wa anayemwogesha unaijua.

Mnofu ni neno zuri linalostahili kurudishwa kazini. Irwin Rosenberg, Mmarekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 alitunga sarkopenia kutokana na Kigiriki cha nyama na umaskini. Sisi tunaandika "upungufu wa misuli", na si kosa. Ila msuli kwa mtu wa Chokocho ni kwanza ile nguo ya kiunoni anayoivaa mwanamume nyumbani, na misuli ni ile ya mpiga mieleka. Mnofu ni ule unaoushika. "Mnofu umempungua" haihitaji ufafanuzi.

Nimefika kwenye neno gumu kuliko yote, nalo ni kukonda. Linaonekana jepesi. Swali la fomu nyingi za uchunguzi wa awali ni hilo: umekonda siku hizi bila ya kutaka mwenyewe? Kipimo kifupi kilichotungwa Australia na kuchapishwa mwaka 1999 kina maswali mawili tu, hilo la uzito na lile la kula kidogo kwa kukosa hamu. Mtu yeyote anaweza kuyauliza. Lakini katika Afrika ya Mashariki kukonda si neno la mwili peke yake tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia Uganda na Kagera, ugonjwa ulitambulika kwa kukonda. Waganda waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na mwaka 1985 jina hilo likaingia kwenye jarida la Lancet. Tangu hapo kumwambia mtu "umekonda" ni kama kumuuliza ametoka wapi na alikuwa na nani. Kizazi kizima kilijifunza kuficha mifupa yake. Mgonjwa wa saratani anayeulizwa "Umekonda?" mbele ya watu watatu kwenye benchi atajibu hapana, na atakuwa anailinda heshima yake.

Basi ulizeni nguo. Kiswahili kina kitenzi kupwaya, na sijui lugha nyingine yenye neno dogo namna hii kwa jambo kubwa namna hii. Shati linapwaya, pete inapwaya, meno ya bandia yanapwaya. "Shikamoo, bibi. Nguo zako zinakupwaya siku hizi?" "Marahaba, mwanangu. Hii kanga nilikuwa naifunga ikikutana kwa shida. Sasa naizungusha." Hapo muuguzi amepata alichokitaka, na bibi hakuvuliwa kitu. Tena amepata zaidi ya namba, kwa sababu swali la nguo lina wakati ndani yake. "Tangu lini?" "Tangu mfungo mosi." Miezi ya Kiislamu inahesabika, na kutoka mfungo mosi hadi leo unaweza kujua kama miezi 6 imetimia.

Kinywani na kooni ndipo Kiswahili kinapokuwa tajiri hasa, na ndipo fomu zilizotafsiriwa kwa haraka zinapokuwa maskini. Ipo tathmini moja inayotumika sana kwa wagonjwa wa saratani, iliyokua kutokana na kazi ya Allan Detsky na wenzake wa Toronto mwaka 1987, kisha Faith Ottery akaifanyia mageuzi katika miaka ya 1990 ili mgonjwa mwenyewe ajaze sehemu yake. Inauliza uzito, inauliza unakula kiasi gani, na inauliza nini kinakuzuia kula. Alama zikifika 9 au zaidi, mgonjwa anahitaji msaada wa haraka. Sehemu ya vizuizi nimeiona ikitafsiriwa kwa mistari ya namna ya "shida ya kumeza", "kutapika", "kukosa hamu". Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Imeacha mlangoni nusu ya yale ambayo mgonjwa angeweza kusema.

Shika kumeza. Mtu wa pwani hasemi tu kwamba ana shida ya kumeza. Anaweza kusema anapaliwa: chakula au maji yameingia njia ya pumzi, akakohoa, machozi yakamtoka. Anaweza kusema tonge linamkwama, na akaonesha kwa kidole pale kifuani linaposimama. Anaweza kusema linamsakama, limekaa kooni halipandi halishuki. Anaweza kusema kooni kunawasha kama pilipili. Kwa daktari hayo ni mambo manne. Anayepaliwa yuko hatarini kuingiza chakula mapafuni, na hata uji mwepesi unaweza kumdhuru kuliko uji mzito. Anayekwamwa na tonge kifuani, leo nyama, mwezi ujao wali, baadaye uji, umio wake huenda unazibwa. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na mpangilio huo wa nyama, wali, uji ndio hadithi yake ya kawaida. Anayewashwa huenda ana vidonda vya mionzi au utando mweupe wa fangasi, na hilo lina dawa yake. Kitenzi kimoja kilichochaguliwa na mgonjwa kimeshampeleka mganga nusu ya njia.

Kutapika nako hivyo hivyo. Kuna kutapika, kuna kucheua. Mtoto mchanga hucheua maziwa, ng'ombe hucheua majani, na mtu ambaye umio wake umeziba hucheua wali uleule alioumeza robo saa iliyopita, haujachacha, haujabadilika rangi, kwa sababu tumboni haukufika. Akiandikiwa "anatapika" atapewa dawa ya kutuliza tumbo ambalo halina hatia. Wanaokaa naye wanajua tofauti. Tatizo ni kwamba hawakuulizwa kwa neno lao.

Kisha hamu, njaa, kushiba na kukinai, ambayo ni mambo manne tofauti. Mgonjwa anaweza kuwa na njaa bila ya hamu. Anaweza kuwa na hamu, akala matonge matatu, akashiba kama aliyekula sahani nzima, kwa kuwa tumbo limebanwa. Anaweza kukinai, yaani chakula alichokipenda jana leo kimemchosha kabla hajakigusa. Anaweza kuchefuka kwa harufu tu ya samaki inayotoka uani. Na kuna ulimi: wapo wanaosema kila kitu kina ladha ya chuma, wapo wanaosema chakula kimekuwa makapi. Aliyekinai umbadilishie. Anayeshiba upesi mpe kidogo, mara nyingi, na kile kidogo kiwe kizito. Anayechefuka na harufu mpe chakula kilichopoa, na jiko liwe mbali naye. Neno moja la "kukosa hamu" linawapa wote ushauri mmoja, na ushauri huo mara nyingi ni "jilazimishe".

Kuna neno jingine linalopotea njiani, lishe. Limetokana na lisha na linaheshimika katika ofisi zote. Lakini sokoni Mkoani au Chake Chake, lishe ni unga. Ni ule unga wa kuchanganya, mahindi, karanga, pengine soya na mtama, wa kumpikia uji mtoto anayeachishwa ziwa. Mwambie mzee "unahitaji lishe" na atasikia kwamba anarudishwa kwenye kikombe cha mtoto. Wengine hukataa kwa sababu hiyo tu. Virutubishi nalo linatoka kwenye rutuba, ile ya ardhi. Ni zuri ukiliandika, zito ukiliambia mtu aliyelala. Afadhali kutaja vitu: yai, dagaa, maziwa, kunde, pweza aliyepikwa akalainika. Miongozo ya Ulaya ya lishe ya wagonjwa wa saratani inapendekeza kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, hadi 1.5 ikiwezekana. Kwa mtu wa kilo 50 hiyo ni kalori 1,250 hadi 1,500. Uji mweupe mwepesi, ambao kwetu ndio chakula cha mgonjwa tangu zamani, utahitaji vikombe ambavyo hakuna anayeweza kuvimaliza. Uji uleule ukitiwa tui la kasimile, lile la kwanza kukamuliwa kabla nazi haijaongezwa maji, pamoja na karanga zilizosagwa laini na yai lililokorogwa humo na kuiva, unabeba mara kadhaa zaidi katika kikombe kilekile. Mpishi wa Pemba anaijua tofauti ya kasimile na tui jepesi bila kufundishwa. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hapa ndipo ujuzi huo unapohitajika.

Na dripu. Familia nyingi huona utulivu mgonjwa akitundikiwa dripu, kwa kuwa chupa inaonekana kama chakula kinachoingia bila mateso. Lita moja ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, kalori zisizofika 200, na protini hakuna. Watu wa kawaida wana usemi sahihi kuliko matumaini yao: wanasema "kaongezewa maji". Ni maji. Chakula kinachopita kwenye mpira wa puani au wa tumboni ni jambo jingine, na hapo neno kulishwa lina haki yake.

Miiko inanitia uchungu. Saratani ikitajwa, huja orodha: asile sukari, asile nyama nyekundu, asile mayai, asile chochote cha mafuta, kwa kuwa eti uvimbe utashiba. Mtu analika, kisha tunamwondolea na kile kidogo kilichokuwa kinamfidia. Hakuna chakula kinachojulikana kuponya saratani kwa kuachwa, na miongozo hiyohiyo ya Ulaya inaonya dhidi ya kumfungia mgonjwa milango ya vyakula. Mwenye kisukari au figo mbaya atapewa mipaka yake na daktari wake. Wengine waachiwe wale wanachoweza.

Kwa nguvu pia tunayo maneno. Hospitali kubwa zina kifaa cha kubana kwa kiganja, kinachosoma nguvu ya mkono kwa kilo. Chokocho kuna mbuzi, yule wa kukunia nazi. Muulize mwanamke kama bado anakuna nazi mwenyewe, kama anakamua tui au amemwachia mjukuu, kama anateka maji. Muulize mwanamume kama bado anavuta kamba ya chombo. "Nakuna nusu, napumzika" ni jibu linaloandikika. Tena si kila saratani inapita kinywani: ile ya kibofu, ambayo Pemba ina sababu ya kuiangalia kwa sababu ya kichocho cha mkojo, na ile ya mlango wa kizazi, zinaweza kumwacha mtu anakula huku nguvu zinamtoka. Kwa hao swali la nazi litafichua kabla ya swali la chakula.

Anayehitaji mionzi, safari yake kwa miaka mingi imekuwa ni meli kutoka bandari ya Mkoani hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Huko atakutana na wauguzi wa kila kabila, na maneno yake ya Kipemba, nkono badala ya mkono, ntu badala ya mtu, yatasahihishwa kwa upole. Yasisahihishwe yale ya ugonjwa. Ningependa karatasi ya rufaa inayotoka Mkoani iwe na mstari mmoja wa maneno ya mgonjwa mwenyewe, yalivyotamkwa: tonge linakwama hapa, nacheua, naizungusha kanga. Mtaalamu wa Dar es Salaam ataelewa, ni Kiswahili.

Yale makubaliano ya mwaka 2011 yanagawa kulika huku katika ngazi tatu, na ya tatu ni pale ugonjwa umekwenda mbali, mwili haujengeki tena kwa chakula, na maisha yaliyobaki hayazidi miezi michache. Nimeona ikiitwa "sugu". Silipendi neno hilo hapa. Sugu ni malaria iliyoshinda dawa, ni mdudu, ni mkosaji asiyesikia; linamfanya mgonjwa aonekane mkaidi, na linamfanya binti yake azidi kumbembeleza na kijiko, akilia, mdomo wa mama umefungwa. Nashauri "mliko usiorudi". Ni zito, lakini linamwondolea binti mzigo usio wake: kutokula kwa mama sasa ni sehemu ya ugonjwa, na kijiko hakitaugeuza.

Kwa ngazi hiyo, sehemu ya fomu inayouliza mgonjwa anakula kiasi gani inahitaji jibu moja la ziada. Majibu ninayoyaona ni anakula kama kawaida, anakula nusu, anakula kidogo sana, hali. Kati ya kidogo sana na hali kuna kitenzi ambacho watu wa Chokocho hukitumia kila siku wanapotoa habari za mgonjwa: anaonja. Anaonja mchuzi, anaonja dafu, anaonja futari ya jirani kwa kuwa imeletwa. Anayeonja hapimwi kwa kalori na hasukumwi aongeze. Anapewa anachokipenda, kwa kiasi anachokitaka, na mdomo wake unasafishwa usikauke. Huo ni mpango wa huduma tofauti na ule wa anayekula kidogo sana, kwa hiyo unahitaji kisanduku chake, kimeandikwa anaonja.